Naacha kazi redioni nikaandike matangazo kwa kujitegemea: katika haya niliyoambiwa, lipi ni kweli?

Mtayarishaji_Moro aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Nimefanya kazi ya utayarishaji wa vipindi katika redio moja ya mkoani kwa miaka 6, na katika miaka 3 ya mwisho kazi ya kuandika matangazo ya wateja imeniangukia mimi, kwa sababu hakuna mwenzangu aliyeitaka. Wenye maduka wa hapa Morogoro wamezoea kunifuata mimi mwenyewe badala ya kupita ofisini, na mmoja wao, mwenye mashine ya kusaga, amenishauri nifungue kazi yangu. Nina akiba ya kuniendesha miezi 3. Mke wangu ni mwalimu na hajakataa, ingawa hajasema ndiyo.

Kabla sijaandika barua ya kuacha kazi nimewauliza watu kadhaa, na majibu yao yamenichanganya zaidi ya kunisaidia. Naambiwa kwamba mtu mwenye Kiswahili kizuri hana haja ya kujifunza kingine katika kazi hii. Naambiwa nitoze kwa neno, kama wafanyavyo wafasiri. Kijana mmoja anauza kozi ya wiki 4 kwa shilingi 150,000 na anadai kwamba bila cheti chake hakuna kampuni itakayonisikiliza. Mwingine amenihakikishia kwamba wateja wa ndani hawana fedha, nitafute wa Marekani kupitia mtandao na nilipwe kwa dola. Kisha wote, bila kuambizana, wamenipongeza kwamba sasa sitakuwa na bosi, na kwamba mambo ya kodi yatakuja baadaye nikishakuwa na kampuni.

Naomba wenye uzoefu mnieleze bila kunibembeleza: katika hayo, lipi nilishike na lipi nilitupe?

Kalamu_Temeke alijibu:

Mdogo wangu, marahaba na karibu. Nimo katika kazi hii tangu 2013, na utata wake huanzia kwenye jina. Miezi ya mwanzo kila nilipomtajia mtu kwamba nafanya kopiraiting, alidhani nasema kopiraiti, akanielekeza niende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nikasajili kazi zangu. Siku hizi nasema tu kwamba naandika matangazo, na tunaelewana.

Hilo la Kiswahili kizuri nitalisema kwa urefu, kwa kuwa ndilo lililonitoa fedha mfukoni. Nilisomea lugha, nimeandika mashairi yakasomwa mbele za watu, na nilidhani mteja ananilipa kwa ufundi huo. Mteja wangu wa tatu alikuwa muuza vyakula vya mifugo aliyetaka kuwatumia wafugaji 5,000 ujumbe wa simu kwa mkupuo. Nilimwandikia ujumbe wa alama 150, wenye mizani na vina, nao ukampendeza hata akausoma kwa sauti dukani mbele ya wateja. Nilichokuwa sikijui ni kwamba programu niliyoandikia ilikuwa imegeuza ritifaa (ile alama ya ') ya neno ng'ombe, kutoka ile iliyonyooka na kuwa ile iliyopinda. Ujumbe wa kawaida wa simu hubeba alama 160, lakini ikiingia alama moja tu isiyokuwemo katika orodha ya msingi ya mitandao, iwe ritifaa iliyopinda au kikatuni cha uso unaocheka, ujumbe mzima huhesabiwa kwa utaratibu mwingine ambao kikomo chake ni alama 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya alama 67. Ujumbe wangu ukawa vipande 3. Mteja alikuwa ametenga shilingi 100,000 kwa bei ya shilingi 20 kila ujumbe. Salio lake likakatwa 300,000. Tofauti niliilipa mimi, nayo ilizidi ujira wangu.

Hayo ya ritifaa ni ajali, na mtu hujifunza kwa siku moja. La pili ndilo lililonivunja moyo. Katika wafugaji 5,000 walipiga simu 11, na 9 kati yao waliuliza bei ya mfuko, ambayo sikuitaja kwa sababu haikukubali kukaa katika vina. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeandika kitu cha kunifurahisha mimi na mwenye duka, na wafugaji sikuwa nimewafikiria hata kidogo. Tangu siku hiyo siandiki neno kabla sijaongea na wanunuzi wasiopungua 5, na katika kazi ya siku 3, siku 2 huishia katika kuuliza na kusikiliza. Ufundi wa lugha unahitajika, tena sana, lakini huanza kufanya kazi baada ya kujua mtu anayesoma ana shaka gani.

Kuhusu kutoza kwa neno, fikiria kauli ya maneno 5 inayokaa ubavuni mwa lori kwa miaka 7. Kwa shilingi 100 kwa neno utapewa sarafu ya 500. Tena bei ya namna hiyo inakuadhibu kwa kufanya vizuri, maana ukipunguza maneno 20 yasiyo na kazi umejipunguzia mshahara. Toza kwa kazi nzima, na katika bei hiyo uhesabu mahojiano, rasimu, na marekebisho mawili yaliyotajwa kwa maandishi. Nasema mawili kwa sababu nina faili linaloitwa MWISHO, lingine MWISHO KABISA, na la tatu MWISHO KABISA BOSI AMEPITISHA, yote ya tangazo moja la redio la sekunde 30. Halafu chukua nusu ya malipo kabla hujafungua daftari. Mteja anayekataa kutoa nusu mwanzoni ndiye atakayekusumbua kwa nusu ya mwisho.

Mama_Ilala alijibu:

Nakubaliana na Kalamu_Temeke katika mengi, ila katika hilo la nusu ya malipo kabla ya kazi namwomba aniruhusu nimpinge. Mimi nimekaa idara ya masoko kwa miaka 10 na ndiye ninayewapa kazi waandishi wa nje. Mwenye duka wa Morogoro anaweza kukutolea nusu kutoka kwenye droo yake, lakini kampuni kubwa haina droo. Afisa wa masoko anakupenda, anaitaka kazi yako kesho, na bado hana mamlaka ya kukulipa shilingi moja kabla kazi haijapokelewa na karatasi hazijapita kwa wahasibu. Ukimng'ang'ania akupe malipo ya awali, atamtafuta mwingine, na hatakuwa amekudharau. Mdai LPO, yaani hati ya kampuni ya kuagiza kazi. Ukiwa na LPO iliyosainiwa unajua kwamba fedha imetengwa, na ankara yako ina mahali pa kuegemea. Baada ya hapo hesabu siku 30 za kwenye karatasi na siku 60 za kweli, na mtu mwenye akiba ya miezi 3 azipige hesabu hizo kabla hajaandika barua yoyote.

Sasa hilo la cheti. Sijawahi kumwuliza mwandishi cheti, wala sijui mwenzangu yeyote aliyewahi kuuliza. Mwaka mmoja nilipokea maombi mawili katika wiki ile ile. Mwombaji wa kwanza aliambatisha vyeti 4 vya kozi za mtandaoni na barua iliyosema kwamba ana shauku na weledi wa hali ya juu. Wa pili alinitumia picha ya bango letu lililokuwa Buguruni, aliyoipiga akiwa ndani ya daladala, na chini yake akaandika kwamba kwa mwendo ule namba ya simu haisomeki, kwamba maneno ni 19, na kwamba yeye angeyabakiza 6, akayataja. Yalikuwa mazuri manne, mawili tukabadilisha. Kazi alipewa huyo, na anatufanyia mpaka leo.

Kozi si haramu, na mwenye nafasi asome. Ninachokataa ni mtu kuuziwa mlango ambao haupo. Wewe, ndugu yangu, una miaka 3 ya matangazo yaliyorushwa hewani. Yakusanye 6 hivi, uandike chini ya kila moja lilikuwa la nani, lilitakiwa lifanye nini, na mwenye biashara aliona nini baada ya hapo. Uombe ruhusa redioni kwanza, kwa kuwa uliyaandika ukiwa mwajiriwa, na hutaki kuanza safari kwa ugomvi.

Na usidhani kwamba watu watakufuata kwa kuwa umefungua ukurasa. Huyo kijana wa bango hakuwa na ukurasa wowote.

Kibokoni_Msa alijibu:

Nami niongeze kuhusu wateja wa ng'ambo, kwa kuwa hapa Mombasa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 5. Fedha ipo, hilo si uongo. Lakini dola unayoiona kwenye tangazo la kazi siyo dola itakayofika mkononi. Upwork, soko la kazi la mtandaoni, ilikuwa ikikata asilimia 10 kuanzia 2023, na tangu 2025 makato hutofautiana kwa mkataba, kati ya 0 na 15. Juu ya hayo unanunua kwa fedha yako pointi za kuombea kazi, upate usipate. Kisha kuna njia ya kuzipokea. Sisi Kenya tunaweza kuhamisha fedha za PayPal hadi M-Pesa, na hilo lilianza 2018. Wenzetu wa Tanzania wamezoea akaunti ya PayPal inayowaruhusu kulipa bila kupokea, hivyo wengi hupitia Payoneer au benki. Hakikisha njia yako kabla ya kazi ya kwanza, maana nimeona mtu amefanya kazi ya wiki 2 ndipo akaanza kuuliza atalipwaje.

Jambo jingine halisemwi kwa uwazi. Kazi nyingi za huko ni za Kiingereza, na hapo unashindana na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo pamoja na mashine inayoiandika kwa bei ya bure. Makala nyepesi nilizokuwa nikiandika kwa dola 15 kila moja zimekauka kabisa. Kilichobaki, na kinacholipa, ni kile ambacho mashine bado inakikoroga. Mwaka jana kampuni moja ya nje iliniletea tangazo la mkopo lililotengenezwa na mashine, likimwambia msomaji "fungua uwezo wako wa kifedha leo". Niliwauliza mama zangu wa soko la Marikiti wanaelewa nini hapo, na mmoja akanijibu kwamba pengine ni kufuli. Tukalibadilisha liseme kiasi anachoweza kukopa, atarudisha shilingi ngapi kila Ijumaa, na akichelewa itakuwaje. Nililipwa vizuri kwa sentensi 3 hizo kuliko makala 10 za zamani.

Kwa hiyo sikwambii usitafute ng'ambo. Nakwambia kwamba kinachokupa thamani huko ni Morogoro yako.

Mhasibu_Kazini alijibu:

Nitakuwa mfupi. Kodi haisubiri kampuni. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, na kampuni yoyote iliyo makini itakuuliza TIN kabla ya jina lako, na nyingi zitataka na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Ukiuza huduma kwa kampuni hapa Tanzania, mlipaji hukuzuilia asilimia 5 ya kodi kabla ya kukulipa. Ukitumiwa 950,000 kwa ankara ya 1,000,000 usidhani umeibiwa. Dai cheti cha zuio, ukitunze, kwa kuwa kiasi hicho hupunguzwa katika kodi yako ya mwaka. Waandishi wengi hutupa vyeti hivyo na kulipa mara mbili. Kenya nako asilimia ni hiyo hiyo 5 kwa huduma za kitaalamu zinazofikia shilingi 24,000 za huko kwa mwezi. Ukitaka kutumia jina la biashara badala ya lako mwenyewe, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hilo bado halijakufanya kampuni.

Mtayarishaji_Moro aliandika tena:

Nawashukuru sana, hasa Mama Ilala kwa kunipigia hesabu ya siku 60, kwani niliyoyaita miezi 3 ya akiba sasa nayaona ni mwezi mmoja tu. Kaka Kalamu, naomba unisaidie katika hili: kazi hii huja mwaka mzima, au kuna miezi ya ukame? Na hilo la kutokuwa na bosi mbona hakuna aliyeligusa?

Kalamu_Temeke alijibu:

Hatukuligusa kwa sababu tulikuwa tunacheka. Una bosi mmoja sasa, na ukiacha utakuwa na mabosi 8, ambao hawajuani, na kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye wa kwanza. Uhuru upo katika kukataa kazi, nao hununuliwa kwa akiba.

Na Mama Ilala amenisahihisha kwa haki. Niliyosema yanafaa kwa wenye maduka; kwa makampuni hata mimi nasubiri LPO kama wengine, ila sipendi kulikiri hadharani.

Miezi ya ukame ipo, tena inajulikana. Januari wenye biashara wote wamelipa ada za watoto na hakuna anayetaka kusikia habari ya tangazo. Kabla ya Ramadhani mambo hufunguka kwa wauza vyakula, vitambaa na mitandao ya simu, na karibu na sikukuu huwa unaandika hadi usiku. Baadaye huja Sabasaba, ambapo kila mwenye banda anakumbuka vipeperushi tarehe 2 Julai wakati maonesho yamekwisha kufunguliwa. Wewe uko mahali pazuri, kwa kuwa Nanenane ya kanda ya mashariki hufanyika hapo kwenu, na wauza mbegu, pembejeo na matrekta wanakuja mpaka mlangoni pako. Waandikie Mei, si Agosti. Septemba na Oktoba hulegea kidogo, kisha Novemba huanza za Krismasi. Ukizijumlisha, utaona kwamba fedha ya miezi 5 ndiyo inayolisha miezi 12. Mimi hujilipa kiasi kile kile kila mwezi kutoka akaunti ya pili, hata mwezi ninaoingiza mara tatu, na shemeji yenu ndiye anayeshika kadi.

Kama naweza kukushauri kuhusu barua hiyo, usiiandike bado. Waombe redioni wakupunguzie vipindi na mshahara, ubaki na siku 3, uanze na huyo mwenye mashine ya kusaga. Wakikataa ndipo uwaze upya.

Mama_Ilala alijibu:

Na huyo wa mashine umtoze. Wateja waliokuzoea ukiwa redioni watakuja wakidhani tangazo ni la bure, kwa sababu siku zote lilikuwa limefichwa ndani ya bei ya muda wa hewani. Mwambie bei ukiwa umemtazama usoni, kisha unyamaze.

Mtayarishaji_Moro aliandika baada ya siku 9:

Narudi na taarifa, kwa kuwa si vizuri kuwachosha watu kwa maswali kisha kupotea.

Redioni wamekubali nibaki na kipindi cha asubuhi kwa siku 3 za wiki, kwa nusu ya mshahara, hadi mwisho wa Agosti. Mke wangu amesema ndiyo kwa mpango huo, na amependekeza ashike yeye kadi ya akaunti ya pili. Sijui kama amewahi kuusoma uzi huu.

Mwenye mashine nilimtajia bei nikanyamaza. Alinyamaza na yeye, tukakaa hivyo kwa muda ambao sitausahau, halafu akaniuliza kama anaweza kulipa nusu sasa na nusu kazi ikikamilika. Nilimjibu kwamba hapo nitamsaidia.

Yeye alitaka tangazo liseme kwamba unga wake una ubora wa kimataifa. Sikubishana naye. Jumamosi nilikaa kwenye benchi la dukani kwake kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6, nikiandika kila alichouliza mnunuzi. Hakuna aliyeuliza habari za ubora. Walioulizia sembe waliuliza bei wakaondoka nao. Lakini wa dona, karibu wote, waliuliza umesagwa lini, na akina mama wawili walifungua mfuko wakanusa kwanza kabla ya kutoa fedha. Nilipomwuliza mmoja wao akanieleza kama anayemfundisha mtoto kwamba dona ina kiini na mafuta yake ndani, ikikaa inachacha na ugali unakuwa mchungu, ndiyo maana hanunui dukani asikomjua mtu. Mwenye mashine alikuwa amesimama hapo hapo, na wala hajawahi kuandika tarehe kwenye mifuko yake. Jumatatu amenunua mhuri.

Ujumbe utakaowaendea wateja wake ni huu, na naomba jicho la Kaka Kalamu kabla haujatumwa kesho:

"Dona hii imesagwa leo asubuhi. Soma tarehe kwenye mfuko kabla hujalipa. Kilo 5 ni sh 9,000. Tupo Msamvu, nyuma ya stendi."

Nimehesabu alama 121, nafasi zikiwemo, na ritifaa hakuna hata moja.

Kalamu_Temeke alijibu:

Utumwe asubuhi kabla ya saa 3, maana jioni hiyo "leo asubuhi" itakuwa imekwisha kuzeeka. Mengine yote yaache yalivyo.